Misuli ya Mwili na Heshima kwa Wazee Wetu

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mandir, jioni ya pili ya maadhimisho ya Patotsav)

   

Naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi hii. Walipoitaja, walitazamia kwamba nitasema juu ya historia ya mandir yetu au juu ya biashara, mambo ambayo mwenye duka hudhaniwa kuyajua. Mimi nikaomba niseme juu ya misuli ya mwili wa mwanadamu. Mwenyekiti alicheka, kisha akaniruhusu. Sina budi kukiri mapema kwamba mimi si tabibu. Elimu yangu iliishia sekondari, na tangu siku hiyo nimekuwa nikipima nguo, kwanza kwa yadi na baadaye kwa mita. Lakini jambo hili nimelisoma kwa miaka minne, kwa sababu nitakayoieleza punde, na maneno haya nimempa daktari ayapitie kabla sijayaleta mbele yenu.

Dukani kwetu, tangu enzi za babu, neno msuli lilikuwa na maana moja tu: ile nguo anayojifunga mwanamume kiunoni akirudi nyumbani jioni. Nilipokuwa mtoto, mwalimu alipotuambia kwamba kila mtu ana misuli zaidi ya mia sita, nilidhani anamsimulia mteja tajiri kupita kiasi. Baadaye nilielewa. Ajabu ni kwamba hata lugha za wataalamu hazikwenda mbali na kazi yetu ya nguo. Fungu la seli zifanyazo kazi moja huitwa tishu, na neno hilo limetoka katika Kifaransa cha kale, maana yake ni kitu kilichofumwa. Na Walatini waliuita msuli kwa jina lenye maana ya panya mdogo, yamkini kwa sababu msuli wa mkono ukikunjwa huonekana kama panya apitaye chini ya ngozi. Sisi tunaoingia humu kila siku na kumwona Ganesh na panya wake miguuni pake, hatuna haja ya kuona ajabu kwamba kiumbe mdogo aweza kubeba mzigo mkubwa.

Sasa niwaeleze kwa nini nimelichagua jambo hili.

Wengi wenu mlimfahamu mama yangu. Alipotimiza miaka 78, mimi na ndugu zangu tulikubaliana kwamba amekwisha kufanya kazi ya kutosha. Tukamwambia: Ba, sasa keti. Tulimhamisha kutoka orofani hadi chumba cha chini ili asipande ngazi. Tulimwajiri msichana wa kumchotea maji, kumsagia viungo, hata kumwokotea leso ikianguka. Alizoea kuketi sakafuni kuchambua mchele na dengu. Tukamnunulia kiti chenye mikono. Na mimi huyuhuyu ndiye niliyeleta viti vya plastiki humu ukumbini, ili yeye na wenziwe wasipate taabu ya kuketi chini wakati wa kirtan. Nilisifiwa kwa jambo hilo, nami nilifurahi kusifiwa.

Haikupita miaka miwili, Ba hakuweza tena kuinuka bila kuvutwa mkono. Usiku mmoja aliamka kwenda msalani, akajikwaa kwenye pindo la zulia. Anguko lenyewe lilikuwa dogo. Mfupa wa nyonga ulivunjika. Hakutembea tena, na baada ya miezi mitano tulimsindikiza safari yake ya mwisho.

Alipokuwa amelazwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa umri wa mwanangu, aliniuliza kwa adabu: "Baba, mara ya mwisho mama kuinuka mwenyewe kutoka sakafuni ilikuwa lini?" Sikuweza kumjibu. Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma, na niliyoyasoma ndiyo ninayowaletea jioni hii.

Tuanze na jinsi msuli ulivyojengwa. Nani hapa Tanga asiyeijua kamba ya katani? Ukiifumua kamba nene utakuta kamba ndogo kadhaa zilizosokotwa pamoja, na ukizifumua hizo utakuta nyuzi. Msuli nao ni hivyo. Kwa nje umefunikwa na ala nyembamba iliyo imara. Ndani yake mna matita, na kila tita lina ala yake. Ndani ya tita mna nyuzi, na hizo nyuzi ndizo seli zenyewe za msuli. Aghalabu ni nyembamba kuliko unywele, lakini nyingine zina urefu wa sentimita kadhaa, na kila moja ina viini vingi, ambapo seli nyingi za mwili zina kiini kimoja tu. Zile ala zote huendelea mpaka mwisho wa msuli, zikakusanyika zikawa kano, na kano ndiyo inayoufunga msuli kwenye mfupa.

Tukiufungua uzi mmoja kwa darubini, tunakuta ndani yake vijiuzi mamia kwa mamia, vimelala sambamba. Kila kijiuzi kimegawanyika katika vyumba vidogo vilivyopangwa mfululizo kama mabehewa ya treni. Vyumba hivi ni vidogo mno: katika milimita moja ya kijiuzi mna vyumba vipatavyo mia nne. Na ndani ya kila chumba ndimo kazi yote inamofanyika.

Mna nyuzi za protini za aina mbili, nene na nyembamba. Ile nene huitwa miosini, jina alilolitoa Mjerumani Wilhelm Kühne mwaka 1864. Ile nyembamba huitwa aktini, nayo iligunduliwa mwaka 1942 na Brunó Straub, aliyefanya kazi katika mji wa Szeged, Hungaria, kwenye maabara ya Albert Szent-Györgyi. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto, nao walikuwa wamejifungia wakitafuta kujua nyama inajikunjaje. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba protini hizo hujikunja kama mpira. Mwaka 1954 makundi mawili ya wataalamu yalichapisha jibu katika toleo moja la jarida la Nature. Kundi moja lilikuwa la Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, la pili la Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao Huxley wawili hawakuwa ndugu. Jibu lao lilikuwa moja: nyuzi hizo hazijikunji hata kidogo. Zinateleza.

Nyosheni viganja vyenu mbele, kisha pitisheni vidole vya mkono huu kati ya vidole vya mkono ule, mvisukume ndani polepole. Vidole havikufupika, lakini umbali kati ya viganja umepungua. Msuli hufupika hivyo. Na nini kinachovuta? Uzi wa miosini una vichwa vidogo pande zote. Nadhani nyote mmewaona wavuvi wakivuta juya ufukweni. Huyu anashika kamba, anavuta, anaachia, anashika mbele zaidi, na wakati yeye anaachia mwenzake ameshika, ndiyo maana juya halirudi baharini. Vichwa vya miosini hushika uzi wa aktini na kuvuta namna hiyohiyo, mamilioni kwa mamilioni, kila tunapoinua kikombe cha chai.

Wavuvi hawavuti na njaa, nacho kichwa cha miosini hakifanyi kazi bure. Ujira wake ni kemikali iitwayo ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula na hewa. Iliyomo msulini wakati wowote yatosha sekunde chache tu za kazi nzito. Kwa hiyo hutengenezwa upya bila kukoma. Jambo lililonishangaza ni kwamba ATP huhitajika ili kichwa kiachie. Bila hiyo, kichwa kilichoshika hubaki kimeshika. Wenzetu wanaoosha maiti, wa dini zote, wanajua kwamba baada ya saa chache mwili hukakamaa. Sababu ni hiyo: ujira umekwisha, na wavutaji hawawezi tena kufungua mikono. Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kwa muda. Kumbe hata kulegea ni kazi ya uhai.

Nani hutoa amri? Ubongo hupeleka habari kupitia uti wa mgongo hadi kwenye mshipa wa fahamu, na mshipa huo hugusa nyuzi za msuli. Habari ikifika, kalsiamu iliyokuwa imefungiwa ghalani ndani ya uzi humwagika, nayo huiondoa protini iliyokuwa imekaa kama kizuizi juu ya aktini, na vichwa hupata pa kushika. Amri ikikoma, kalsiamu hurudishwa ghalani. Mshipa mmoja wa fahamu huweza kuamuru nyuzi chache au nyingi. Kwenye misuli ya jicho, mshipa mmoja huongoza nyuzi zisizofika ishirini. Kwenye msuli wa shavu la mguu, huongoza zaidi ya elfu moja. Ndiyo maana jicho hufanya kazi ya sonara, na mguu kazi ya hamali.

Kumbukeni pia kwamba msuli hujua kuvuta tu. Kamba haisukumi. Kwa hiyo misuli imepangwa kwa jozi: mmoja wa mbele ya mkono huukunja, wa nyuma huunyosha, na mmoja ukivuta mwenziwe hauna budi kulegea. Ndoa nyingi zingenufaika na somo hilo.

Hiyo ndiyo misuli ya mifupa, ile tunayoiamuru kwa hiari. Kwa kawaida huchukua kiasi cha theluthi moja hadi mbili kwa tano ya uzito wa mtu mzima. Ziko aina nyingine mbili. Kwanza ni misuli laini, isiyo na mistari inayoonekana kwa darubini, wala haisubiri amri yetu. Imo tumboni na katika matumbo, ikisukuma chakula. Imo katika kuta za mishipa ya damu, ikiibana na kuilegeza. Imo katika njia za pumzi, na ndiyo inayobana wakati wa pumu. Imo pia katika nyumba ya uzazi, na akina mama waliojifungua wanazijua nguvu zake kuliko mwanamume yeyote aliyemo humu.

Aina ya pili ni msuli wa moyo. Huu una mistari kama misuli ya mifupa, lakini hautungoji tuuamuru. Seli zake zina matawi, zimeshikana ncha kwa ncha, na kati yake mna vijia ambavyo umeme hupita kutoka seli hadi seli, ili wote uvute kwa pamoja kama kikosi kimoja. Mwanzo wa mapigo umo ndani ya moyo wenyewe, katika fundo dogo la seli upande wa juu kulia. Moyo hupiga kiasi cha mara laki moja kwa siku. Mtu akiwa ametulia, husukuma lita zipatazo tano kila dakika, yaani zaidi ya lita 7,000 kwa siku, mapipa yetu ya lita 200 thelathini na tano na ushei. Nao haukazani kwa kiharusi cha misuli kama mguu, kwa kuwa kila baada ya pigo hulazimika kulegea kwanza kabla haujapokea amri nyingine. Lakini udhaifu wake ni huu: seli za moyo hazizaliwi upya kwa wingi. Katika kijana ni kiasi cha moja kwa mia kwa mwaka, na katika mzee hazifiki hata nusu ya hapo. Sehemu ikifa kwa kukosa damu, hubaki kovu.

Misuli ya mifupa ina bahati zaidi. Kando ya kila uzi wamo akiba waliolala, seli zilizoelezwa na Alexander Mauro mwaka 1961. Uzi ukiumia au ukitumiwa kwa nguvu, seli hizo huamka, huongezeka, na kuungana na uzi ili kuutengeneza. Lakini hazijui kwamba zinahitajiwa mpaka msuli ufanye kazi.

Nyuzi zenyewe si za namna moja. Ziko za mwendo wa polepole, nyekundu, zenye damu na hewa ya kutosha, zisizochoka upesi. Hizi hutushika wima mchana kutwa. Na ziko za haraka, zenye nguvu nyingi kwa muda mfupi. Majirani zetu wanaokula kuku wameziona sahanini: nyama ya paja ni nyeusi kwa sababu kuku hutembea siku nzima, na ya kidari ni nyeupe kwa sababu mabawa yake hutumika kwa kurupuka tu. Mimi sijapata kumla, lakini naambiwa ni kweli.

Hapa ndipo ninapofikia jambo lililoniuma. Kuanzia kiasi cha miaka thelathini, mwili huanza kupoteza misuli, kwa kadiri ya asilimia tatu hadi nane kila miaka kumi, na baada ya sitini upotevu huzidi. Zinazotangulia kwenda ni zile nyuzi za haraka. Mzee akijikwaa, za polepole zipo, zaweza kumfikisha sokoni, lakini zile za kumrushia mguu mbele ili asianguke zimekwisha kupungua. Nguvu hupotea upesi kuliko nyama, na kwa macho huwezi kujua, kwa sababu mahali pa msuli hujaa mafuta na mguu hubaki na unene wake. Kamba hukatika pabovu, wasemavyo wahenga. Zulia halikumwangusha mama yangu. Kamba ilikuwa imeoza.

Je, uzee ndio mwenye makosa yote? Mwaka 1990, kule Boston, Marekani, lilichapishwa jaribio dogo lakini la maana sana. Wakaazi kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu, mara tatu kwa juma, kwa majuma manane. Tisa waliendelea hadi mwisho. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na msuli wa paja ulinenepa kwa asilimia 9. Wawili kati yao waliweka mikongojo chini. Wenye miaka tisini, ndugu zangu! Tulipompa Ba kiti, alikuwa na sabini na nane.

Kwa upande mwingine, hata kijana akilazwa kitandani kwa majuma machache miguu yake hukonda. Aliyewahi kufungwa plasta anajua alivyoshangaa ilipofunguliwa. Wanaanga walioko juu, ambako mwili hauhisi uzito, hulazimika kufanya mazoezi kiasi cha saa mbili kila siku ili warudi duniani wakiwa na miguu. Sisi huku chini tunawatafutia wazee wetu hali ileile ya kutokuwa na uzito, tena kwa gharama zetu wenyewe, na kuiita heshima.

Nisidhaniwe kwamba nadharau heshima. Kwa Mgujarati na kwa Mswahili, mzee haachwi achote maji huku vijana wameketi. Desturi hiyo ni njema, nami sitaki ife. Ninachosema ni kwamba tumwondolee mzee mzigo unaomwumiza, tumwachie kazi inayomshika wima. Kuna tofauti kati ya gunia la unga na bakuli la dengu.

Lipo jambo jingine linalotuhusu hasa sisi wa asili ya Bara Hindi. Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari iliyoingia katika damu hupokelewa na misuli. Msuli ukiwa mdogo au mvivu, sukari hukosa pa kwenda. Wataalamu waliwapima watoto wachanga wa vijiji vilivyo karibu na Pune, India, wakawalinganisha na wa Southampton, Uingereza. Wa Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wa Southampton kilo 3.5. Kilichopungua sana kwa wale wadogo kilikuwa misuli. Mafuta ya chini ya ngozi yalikuwa yamehifadhika. Maana yake, mtu wa kwetu aweza kuonekana mwembamba katika kurta yake, na bado akawa na misuli haba na mafuta mengi tumboni. Nendeni katika nyumba yoyote ya jamaa zetu mhesabu vidonge vya kisukari mezani. Hatuwezi kubadili tulivyozaliwa, lakini twaweza kuamka tukatembea.

Mwaniuliza: na chakula? Mwili haujengwi kwa matofali. Sisi tusiokula nyama huulizwa kila mara tunapata wapi protini. Jibu liko jikoni, tatizo ni kwamba wazee hawalifikii. Wataalamu hushauri mzee apate kiasi cha gramu moja hadi moja na robo ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo sitini ahitaji gramu sitini au sabini na ushei. Kikombe cha dengu zilizopikwa kina zipatazo kumi na nane, glasi ya maziwa nane, konzi ya karanga saba. Lakini mzee wetu asubuhi hula chai na khakhra, na jirani yake chai na andazi. Jioni kila mmoja husema ameshiba. Dengu, choroko, kunde, mtindi, paniri na soya ziwemo katika kila mlo, asubuhi pia. Nafaka na kunde zikiliwa pamoja, kila moja huziba pengo la mwenziwe. Mama zetu walilijua hilo katika khichdi, na mama zenu katika makande na katika wali kwa maharage. Mwenye maradhi ya figo asiongeze chochote kabla ya kumwuliza daktari wake. Nasi tusiokula nyama tupimwe vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake huidhuru mishipa ya fahamu ambayo ndiyo itoayo amri.

Basi, ndugu zangu, wazee waliotutangulia hawakuwa na darubini, lakini walituachia desturi ambazo misuli inazielewa. Tunaketi chini na kuinuka. Tunasujudu. Tunaizunguka mandir kwa miguu. Siku tisa za Navratri tunacheza garba mpaka usiku wa manane. Majirani zetu Waislamu huinama, husujudu na kuinuka kutoka sakafuni mara nyingi kila siku, na nimemwona mzee wa mtaa huu, aliyenizidi miaka kumi, akiinuka kutoka kwenye msala kwa wepesi ambao mimi sina. Ibada haikuwekwa kwa ajili ya misuli, hilo najua. Lakini tukiondoa sakafu katika maisha yetu, tunaondoa zaidi ya tunavyodhani.

Sasa nina maombi matatu.

La kwanza ni viti vyangu. Siombi viondolewe; wako wanaovihitaji, na asitokee wa kuwaaibisha. Naomba viwe na kazi ya pili. Kila jioni baada ya aarti, vijana waongoze wazee kuinuka na kuketi mara kumi, polepole, mikono kifuani, na mwenye kuhitaji ashikwe. Madaktari wana kipimo chepesi: mtu akishindwa kuinuka na kuketi mara tano ndani ya sekunde kumi na tano, hiyo ni ishara kwamba miguu imeanza kudhoofika. Tujipime tukiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Mwenye maradhi ya moyo au maumivu ya viungo amwone daktari kwanza.

La pili, mandir yetu iwekewe vyuma vya kushikia kwenye ngazi na kwenye vyoo, na mazulia yote yapigiliwe pindo. Gharama hiyo naomba niibebe mimi, kwa jina la mama yangu. Na ua wetu ufunguliwe alfajiri kwa mzee yeyote wa mitaa hii atakaye kutembea mahali penye usalama, pasipo pikipiki wala mashimo, awe wa dini yoyote.

La tatu nawaambia vijana. Bibi yako akiinuka kuchukua bilauri yake mwenyewe, usimwahi. Simama karibu naye. Mwache aichukue. Mimi sikujua hivyo.

Tunapoingia mlangoni, mkono wa kulia yumo Hanuman na rungu lake. Kila mtoto wetu anakijua kisa chake katika Ramayana: alikuwa na nguvu zote, lakini alizisahau, hata alipofika ufukweni mwa bahari Jambavan akamkumbusha, naye akaruka mpaka Lanka. Misuli yetu, na misuli ya wazee wetu, hali yake ni hiyo. Nguvu zimesahauliwa tu. Anatakiwa wa kuikumbusha.

Nimemaliza. Kabla ya prasad, nawaomba tusimame sote kwa pamoja. Mwenye kuweza, asiishike mikono ya kiti. Mwenye kuhitaji, jirani yake ampe mkono, lakini asimvute, ampe tu.

Jai Shri Krishna.